Presha ya ndege ikipotea angani, rubani ashuke kwa kasi gani? Mimi nilidhani tunaanguka

Siti ya Dirishani

Wakuu, habari za wakati huu.

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya ndege, kampuni siitaji. Tuko juu kabisa, nusu ya watu wamelala. Mara masikio yakaziba, ubaridi ukaingia na ukungu mwembamba, kisha barakoa zikadondoka kutoka darini. Haikupita muda pua ikainama, injini zikanyamaza, na ndege nzima ikaanza kutetemeka kama gari bovu kwenye makorongo. Mama niliyekaa naye akaanza kusali kwa sauti. Mimi sikusali, maneno yote yalishanitoka kichwani.

Nilitazama saa, sijui kwa nini. Dakika nne na ushei tukanyooka, rubani akatangaza kwamba sasa tunaweza kuvua barakoa, tukaenda kutua uwanja mwingine. Hakuna aliyeumia.

Vita ilianza kwenye foleni ya mizigo. Mzee mmoja anasema rubani alipaniki tu, kama barakoa zipo, haraka ya nini? Kijana mmoja anampinga, anasema rubani alizubaa, angeipiga mbizi moja kwa moja. Wote wawili wana uhakika utadhani ndege waliijenga wao.

Wajuzi wa anga, nani yuko sahihi? Kuna kasi iliyopangwa au kila rubani na moyo wake? Nawasilisha.

Mshale

Pole sana mkuu. Mimi niko upande wa kijana. Hewa imekwisha, unatelezatelezaje angani kama unatalii? Lenga chini, twende, mengine tutaongea tukifika.

Njiwa Manga

Nimeweka kambi hapa. Nina safari mwezi ujao na sasa nimeshaanza kuijutia.

Mistari Mitatu

Siti ya Dirishani, pole. Mimi ni rubani msaidizi, nakaa kiti cha kulia kule mbele, na zoezi hili tunalirudia mara kwa mara kwenye mashine ya kuigiza urukaji, kwa hiyo nitasema ninachokifanya mwenyewe.

Namba kwanza. Ndege kubwa ya abiria ikishuka kwa dharura hupoteza futi 5,000 hadi 8,000 kwa dakika. Siku ya kawaida mnapokwenda kutua ni kama 1,500 hadi 2,500. Chukua wastani wa 6,000, anzia futi 35,000, ishia 10,000: dakika nne na sekunde kumi. Saa yako iko vizuri.

Tunalenga futi 10,000 kwa kuwa hapo mtu mzima mwenye afya anapumua hewa ya kawaida na akili yake inabaki kuwa yake. Siku zote kabini hutunzwa isizidi hali ya mtu aliyesimama kwenye mlima wa futi 8,000. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 huitunza karibu na 6,000, ndiyo maana watu hushuka humo hawajachoka sana. Nje, kwenye futi 35,000, kanieneo ya hewa ni chini kidogo ya robo ya ile ya pwani.

Sasa Mshale, hiyo mbizi. Ile ya kwenye filamu, pua imeelekea ardhini na mikokoteni ya chakula inaruka, sisi hatuifanyi. Piga hesabu: wakati huo ndege inakwenda mbele kilomita 13 hivi kwa dakika. Futi 6,000 ni kilomita 1.8. Kwa hiyo kila kilomita saba za kwenda mbele, unashuka moja. Huo ni mteremko wa nyuzi 8 tu. Aliyekaa dirishani anauona ukuta kwa sababu mwili wake ulishazoea sakafu iliyonyooka na mlio wa injini, na vyote viwili vimeondoka kwa mpigo.

Na kushuka zaidi ya hapo ni kazi kuliko mnavyodhani. Ndege ya abiria imeumbwa ielee. Punguza injini mpaka mwisho na uiache na mwendo wake mzuri wa kuteleza, itakwenda kilomita 15 au zaidi mbele kwa kila kilomita moja ya kimo. Hiyo ndiyo inayookoa mafuta kila siku, na siku ya dharura ndiyo inayotukera: unaiambia shuka, haitaki. Njia za kuilazimisha ni mbili. Kuongeza mwendo ili hewa iikabe zaidi, na kuinua vile vibao vilivyo juu ya mabawa ili vivuruge upepo. Mtetemo uliousikia ulitoka kwenye vibao hivyo. Ulikuwa mtetemo wa kazi.

Mwendo nao una ukomo uliowekwa na mtengenezaji. Kule juu ukomo huo hupimwa kwa mwendo wa sauti. Boeing 737 za kizazi kilichotangulia MAX, kwa mfano, haziruhusiwi kuvuka asilimia 82 ya mwendo wa sauti. Ukiteremka kwenye hewa nzito zaidi, ukomo mwingine unashika usukani, ule wa nguvu ya upepo unaoipiga bodi. Kwa hiyo jibu la swali lako, mkuu, ni kwamba sisi hatuchagui kasi ya kushuka. Tunachagua mwendo, tunatoa vibao, na kasi ya kushuka inakuwa itakavyokuwa kwa uzito na kimo cha siku hiyo.

Mshale

Mistari Mitatu, shukrani, nyuzi 8 zimenishusha pumzi kidogo. Lakini umenipa silaha pia. Nimesoma kwamba kwenye futi 35,000 mtu ana sekunde 30 tu za fahamu. Wewe unaniambia dakika nne. Sasa hapo katikati nani anaishi?

Mistari Mitatu

Swali zuri, na ndilo kiini cha mjadala wote.

Hizo sekunde 30 hadi 60 ni za mtu asiye na barakoa. Tena ni muda wa kuwa na akili inayofanya kazi. Baada ya hapo anaweza kuwa bado anakutazama, hata anatabasamu, lakini ukimwambia afunge mkanda hajui unachosema. Kwenye futi 25,000 muda huo ni dakika tatu hadi tano. Kwenye 40,000 ni sekunde 15 hadi 20. Na hewa ikitoka kwa kishindo, kata hizo zote kwa nusu hivi, kwa sababu hata ile iliyokuwa kifuani imenyonywa.

Sasa tafuta ndege ya abiria itakayotoka 35,000 hadi 10,000 kwa sekunde 30. Hakuna. Hata ukiivunja mabawa hutaipata. Kushinda zile sekunde ni kazi ya barakoa, na kushuka kunakuja kushinda muda wa barakoa yenyewe. Ndiyo maana kitu cha kwanza mikono yetu inachogusa ni barakoa, usukani baadaye. Barakoa zetu kanuni inataka zivalike kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano. Kisha tunahakikisha tunasikizana, maana ukiwa umefunikwa uso unaongea kama uko ndani ya mtungi. Kisha tunatazama kama presha kweli haidhibitiki. Ndipo tunashuka.

Na hapo pia hatujitupi tu. Chini yetu kwa futi 1,000 huenda kuna ndege nyingine kwenye njia ileile. Kwa hiyo tunaita Mayday, yaani wito wa dharura redioni, tunaweka namba ya dharura 7700 ili kila mwongoza ndege atuone kwenye rada, na baharini kusiko na rada tunageuka kutoka kwenye njia kwanza. Kutoka kishindo mpaka pua kuinama huenda zikapita sekunde 20 au zaidi. Yule kijana wa kwenye foleni alidhani huko ni kuzubaa.

Bisibisi

Niongezee upande wa mafundi, maana barakoa tunazihudumia sisi.

Kwenye ndege nyingi, oksijeni ya abiria haitoki kwenye mtungi. Juu ya kila safu ya viti kuna kopo lenye kemikali, hasa kloreti ya sodiamu. Ukivuta barakoa unachomoa pini, kemikali inawaka ndani kwa ndani na kutoa oksijeni. Ndiyo maana mhudumu anasisitiza *vuta*. Usipovuta, hakuna kitu. Likishawaka halizimiki, na linakuwa la moto sana, kwa hiyo harufu ya kuungua inayokuja wakati huo ni ya kawaida. Linadumu dakika 12 hadi 22 kutegemea aina. Linganisha na dakika nne au tano za kushuka: wabunifu wameacha akiba, lakini si akiba ya kukaa juu mnabishana.

Barakoa zenyewe hudondoka hewa ya kabini ikifika hali ya futi 14,000 hivi. Marubani wao hupigiwa honi mapema zaidi, kwenye 10,000.

Sasa Mshale, hilo la kuisukuma mpaka ukomo lina sharti moja dogo: *kama bodi ni nzima*. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, safari namba 243, ikiwa futi 24,000 kule Hawaii, ilipoteza kipande kikubwa cha paa. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo. Abiria wa mbele walibaki wamekaa kama kwenye gari la wazi. Rubani alishuka haraka, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kilomita 520 hadi 540 hivi kwa saa, mbali na ukomo, na kasi ya kushuka ilifika futi 4,100 kwa dakika. Dakika 13 baada ya paa kuondoka walikuwa chini, Kahului. Fundi yeyote akiziona zile picha anajiuliza kitu kimoja: sakafu iliyobaki ingevumilia mwendo gani zaidi ya ule? Binafsi nisingependa kuwa wa kujaribu.

Ukisikia kishindo na unahisi bodi imejeruhiwa, unashuka kwa mwendo uliokuwa nao au pungufu. Ndege nyingine huruhusu hata kutoa magurudumu ili yaongeze ukinzani. Unapata kushuka bila kuongeza mwendo.

Njiwa Manga

Paa limeondoka na wakatua?? Bisibisi, mkuu, mimi nilikuja kutafuta faraja.

Bisibisi

Faraja ndiyo hiyo. Paa limeondoka na wakatua.

Muuguzi wa Zamu

Habari zenu. Naona mzee wa kwenye foleni ya mizigo hana wakili, ngoja nimtetee kidogo halafu nimwangushe.

Ana hoja ndogo. Kushuka haraka kuna gharama mwilini. Siku ya kawaida kabini hushushwa taratibu, kama futi 300 hadi 500 kwa dakika, ili masikio yafuate. Kabini iliyo wazi inashuka na ndege, futi 6,000 kwa dakika. Mwenye mafua, mtoto mchanga, mwenye masikio mabovu, ataumia, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Mezeni mate, pigeni miayo, mtoto mpeni kitu cha kunyonya. Na hewa inapotoka kwa kishindo usibane pumzi kamwe. Hewa ya kifuani inapanuka, iache itoke.

Lakini sikio linapona. Ubongo uliokosa oksijeni una hadithi nyingine, na hapo ndipo ninapomwacha mzee wangu. Barakoa ya abiria si ile ya rubani. Inachanganya oksijeni na hewa ya kabini, haikubani uso sawasawa, na haikusukumii chochote. Hata oksijeni tupu ina mipaka yake. Ukiivuta kwenye futi 34,000 mapafu yanapata kiasi sawa na mtu aliye pwani. Kwenye 40,000 ni kama mtu aliye futi 10,000 bila msaada. Juu ya hapo inabidi isukumwe kifuani kwa nguvu, na barakoa ya njano haina uwezo huo. Ongezea baridi, nje ni nyuzi 50 chini ya sifuri. Ongezea naitrojeni inayoweza kutoka damuni kwa viputo ukikaa juu sana bila presha, kama mpiga mbizi aliyeibuka haraka.

Kwa hiyo barakoa zipo, ndiyo, ila zimewekwa kwa ajili ya safari ya kushuka. Atakayezitumia kukaa juu anazionea.

Mshale

Basi tukubaliane: haraka ni bora kuliko polepole, bodi ikiwa nzima. Hapo sishuki.

Mistari Mitatu

Hapo tuko pamoja, na nitakupa nyongeza. Kanuni za usanifu za Marekani zinataka ndege mpya, presha ikipotea kwa hitilafu inayoweza kutarajiwa, kabini isizidi hali ya futi 25,000 kwa zaidi ya dakika mbili, na isivuke 40,000 hata kwa sekunde moja. Yaani mbunifu wa ndege anapimwa kwa uwezo wa kushuka pia. Wewe na hao wabunifu mna damu moja.

Ila mimi hofu yangu haiko kwenye kishindo. Kishindo kinakuamsha. Hofu yangu iko kwenye kimya.

Tarehe 14 Agosti 2005 Boeing 737 ya Helios Airways, safari namba 522, iliondoka Larnaca kwenda Athens. Swichi ya kudhibiti presha ilikuwa imeachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono, kwa hiyo ndege ikapanda bila kujaza kabini hewa. Honi ikalia. Honi ileile kwenye ndege zile hutumika ardhini kuonya kwamba ndege haijaandaliwa kuruka, na marubani wakadhani ni hiyo. Wakaanza kuongea na fundi wa kampuni kwa redio, wakitafuta hitilafu, huku ndege inaendelea kupanda na akili zao zinaendelea kupungua bila wao kujua. Ilifika futi 34,000 kwa otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ikaenda mpaka Athens, ikazunguka. Ndege mbili za kivita ziliisindikiza. Marubani wa F-16 waliona kiti cha nahodha kitupu na rubani msaidizi amelala mbele ya vyombo. Karibu saa tatu baada ya kuruka mafuta yaliisha. Watu 121, hakuna aliyepona.

Pale hakukuwa na tatizo la kasi ya kushuka. Hawakushuka kabisa. Ndiyo maana tunafundishwa: honi ikilia angani, barakoa usoni kwanza, maswali baadaye. Mzee wa kwenye foleni angeniambia ningoje nichunguze. Nikivaa barakoa nitachunguza, na kama kabini inadhibitika sina sababu ya kuwashusha watu mbio. Hilo nampa. Kama haidhibitiki, nachunguzia nikiwa nashuka.

Njiwa Manga

Swali la mwisho kabla sijafuta safari. Na kama chini kuna milima ya futi 15,000? Unashuka 10,000 kwenda wapi?

Mistari Mitatu

Huendi. Unashuka mpaka kimo salama cha eneo lile, unakaa hapo, unakimbilia bonde au tambarare, kisha unamalizia. Juu ya Tibet na Andes njia za kukimbilia huchorwa kabla ya safari, na ndege zinazopita huko hubeba oksijeni ya kutosha safari hiyo ndefu. Mara nyingi ni ya mitungi, maana makopo ya Bisibisi yangeishia njiani.

Mfano upo. Tarehe 14 Mei 2018 Airbus A319 ya Sichuan Airlines, safari namba 8633, kioo cha mbele upande wa kulia kilipasuka na kung'oka ikiwa futi 32,000 hivi, ikielekea Tibet. Rubani msaidizi alivutwa nusu mwili nje, mkanda ukamzuia. Nahodha Liu Chuanjian aliendesha bila barakoa, kwenye upepo na baridi hiyo, vyombo vingi vimeharibika. Na hakuweza kushuka moja kwa moja kwa sababu ya milima iliyokuwa chini yake. Ilibidi akae karibu na futi 24,000 kwanza mpaka aivuke. Alitua Chengdu zaidi ya nusu saa baada ya kioo kuondoka, na abiria wote wakashuka wazima.

Mshale, kwake yeye "shuka haraka" lingekuwa neno la kuua watu.

Mshale

Nimekaa chini mkuu.

Siti ya Dirishani

Wakuu, asanteni, nimerudi kusoma yote. Bado kuna kitu kimoja kinanisumbua. Ule mfuko wa plastiki kwenye barakoa yangu haukujaa hata kidogo. Nikadhani yangu mbovu. Nikawa naitazama ya yule mama aliyekuwa anasali, na sitaficha, kuna sekunde niliwaza kumwomba tubadilishane.

Bisibisi

Hahaha, afadhali hukumwomba. Mfuko si lazima ujae. Oksijeni inaingia mfululizo, na wewe ulikuwa unahema kwa woga, kila kinachoingia unakimaliza. Wa kwake ulikuwa umejaa?

Siti ya Dirishani

Kwa kweli nao haukujaa.

Bisibisi

Basi mlikuwa sawa. Na siku nyingine tazama juu vizuri: kwenye viti vitatu mara nyingi huning'inia barakoa nne. Ya ziada huwekwa kwa ajili ya mtoto wa mapajani, ila ikiwa hana mwenyewe, ni yako.